Kilima Ambacho Ng'ombe Hawapandi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Masisi. Jumapili, tarehe 14 Mei 2023, saa nane mchana.
Jina: Kasika Isidore. Umri: miaka 71. Kazi: mwalimu mstaafu wa jiografia. Makazi: Lushebere.

Kosa ambalo watu wengi hufanya wanapotafuta mahali pa kukaa wawili ni kuchagua mahali ambapo hakuna mtu. Hawajiulizi kwa nini hakuna mtu. Mimi nimefundisha jiografia ya milima hii kwa miaka thelathini na minane, na kosa hilo nimelifanya mimi, kwa watoto wa wenzangu.

Mnamo Jumamosi tarehe 13 Mei, saa kumi na moja jioni, Patient, muuguzi niliyemfundisha zamani, alifika nyumbani kwangu pamoja na mchumba wake Kasoki, ambaye mama yake ana duka hapa senta ya Masisi. Patient anaondoka Jumanne kwenda kufanya kazi Walikale. Kwa jinsi barabara ilivyo, hawajui wataonana tena lini. Walitaka nusu siku ya kula pamoja bila kutazamwa. Kule Goma walizoea kukaa bustanini, kando ya ziwa.

"Huku, Mwalimu, nyuma ya kila muti iko shangazi yake," Patient alisema.

"Na nyuma ya shangazi iko mama," Kasoki akaongeza. "Tupatie fasi moja tu."

Nilipenda kuulizwa. Niliwaeleza kwamba mahali pazuri pawe pakavu, pawe na kivuli, na upepo uwapige mgongoni. Kisha nikawatajia kilima kilicho nyuma ya josho la zamani la ng'ombe. Mimi na marehemu mke wangu, Généreuse, tulikaa pale mwaka 1976. Sikuwaambia kwamba goti langu halijanipandisha kule kwa miaka minne.

Leo baada ya misa, saa tano na robo, walipita mbele ya nyumba yangu na kikapu. Saa tano na dakika arobaini alikuja Kanyamibwa, mchungaji wa ng'ombe, akileta maziwa. Nilimuuliza kwa mzaha kama ng'ombe wake watawaachia vijana nafasi pale juu. Aliweka bidoni ya maziwa chini.

"Mwalimu, kule hatupande. Tangu mwezi wa pili. Ngombe ya mwenzetu Albert ilikanyaga kitu, tukapata kichwa tu."

"Mbona hamukusema?"

"Tuliambiana sisi wachungaji. Ningesema kwa wengine, wangeniuliza nani aliweka ile kitu."

Nilikwenda, naye akanifuata. Nilifika kwenye uzio ulio chini ya kilima saa sita na dakika ishirini. Hapo ndipo nilipoona nilichopaswa kukijua. Huku kwetu hakuna jani linaloachwa. Ng'ombe hunyoa kilima kizima. Pale nyasi zilinifika kifuani. Katikati yake ulikuwepo mstari mwembamba wa nyasi zilizolala, hadi chini ya mkaratusi, kama hatua sabini. Kasoki alikuwa anacheka.

"Musisimame!" niliita.

Patient akasimama. "Karibu, Mwalimu! Chai ingali moto!"

"Shangazi mwenyewe njo huyo," Kasoki alisema.

Niliwaambia kwa sauti ya darasani, neno moja moja, kwamba ardhini kuna mabomu na wasisogeze mguu. Patient alitazama chini. Baadaye aliniambia alichokiona ni chuma chenye mkia kama wa samaki. Kasoki alisema polepole, lakini nilimsikia:

"Nilizani iko kipande ya bomba. Nimeegemeza termosi kwake."

Niliwaagiza wasiguse kitu, warudi kwa nyayo zao zilezile.

"Nitatangulia," Patient alimwambia. "Muguu yangu ikitoka, ya kwako iingie."

"Na ukianguka?"

"Sianguke."

Katikati Kasoki alisimama, akashindwa kuinua mguu. Sikuwa na la kufanya, kwa hiyo nikaeleza. Nilieleza aina za nyasi, na kwa nini mkaratusi hukausha udongo, na mvua ya mlima hutoka wapi. Nikanyamaza kuvuta pumzi.

"Mwalimu, ongea," alisema. "Usinyamaze."

Nikaendelea. Kwa saa yangu ilichukua dakika kumi na tisa. Kasoki alipovuka uzio alinishika mkono. Alama za kucha zake ofisa ameziona. Patient alitapika. Hakuna aliyenilaumu, nami ningependa wanilaumu.

Lakini sikuja hapa kwa ajili ya hayo tu. Chakula chote kimebaki kule, sambusa, ndizi na jibini, juu ya kitenge chekundu. Mstari ule wa nyasi zilizolala unaonekana kutoka barabarani, na sasa unafanana na njia ya watu. Kila siku saa kumi na moja jioni akina mama wa kambi ya waliokimbia vita hupita pale kutafuta kuni, wengi wao wakiwa hawajala. Wakiona kitenge watadhani kimesahauliwa. Kanyamibwa amebaki kwenye uzio, lakini saa kumi lazima aende kukamua. Termosi bado imeegemea chuma kile.

Nimesomewa niliyoyasema. Ndivyo yalivyotokea, na hakuna aliyenilazimisha kuyasema.

Sahihi: Kasika Isidore

Nyongeza ya ofisa: Nimeyaandika mimi, Inspekta Evode Mapendo, na kumsomea shahidi kwa sauti, saa nane na dakika hamsini. Baada ya kutia sahihi, shahidi ameomba mstari mmoja uongezwe, nami nauandika kama alivyousema: Fungeni ile njia leo, kabla ya saa kumi.