Mafunjo ya Kalwenge

Butembo, Mususa, tarehe 28 Novemba 2001

Kwako Agar, mdogo wangu wa tumbo moja,

Ninakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wa nyumba yako kule Oicha. Natumaini mguu wako umepungua uvimbe, na kwamba kakao imeanza kuzaa. Mimi ningali napumua, ingawa pumzi yenyewe imekuwa fupi. Nikitoka kitandani kwenda mlangoni, lazima nikae katikati ya safari. Daktari ananiambia nipumzike; nilimjibu kwamba kazi hiyo itanijia yenyewe karibuni. Mjukuu wangu Luc ananishikia karatasi, lakini mkono ni wangu, kama herufi hizi zinavyokuonyesha.

Ananie, yule mnunuzi wa kakao, alinifikishia barua yako. Umeandika kwamba Shalom, kitindamimba wako, anataka kuwafuata vijana wanaokwenda msituni kushika bunduki, kwa sababu waliotega mabomu katika shamba la mama yake lazima walipe. Umenisihi nimpe neno la kumzuia, kwa kuwa ananisikia mimi, mjomba wake. Nitampa, Agar. Lakini pokea kwanza habari ya furaha, maana bila hiyo neno langu halitaeleweka.

Mto Kalwenge ulijaa wiki iliyopita, na kartie ya chini, ule mtaa wa bondeni, imesimama nzima!

Unakumbuka mafuriko ya kabla ya vita. Wakati ule tulikuwa tumelimaliza bonde. Ninyi wakulima mlichimba mifereji kukausha mashamba ya kabichi, wafyatua matofali wakachota udongo, na mto wenyewe ukanyooshwa kama kamba ili usile nafasi. Juu mlimani miti ilikuwa imekwisha kuwa makaa. Mvua kubwa iliponyesha, maji hayakuwa na mahali pa kukaa. Yaliteremka mbio na udongo wa mlima, yakajaza sakafu ya mto tope, na mto uliokosa kina ukapanda kwenye vitanda vya watu. Tulimzika Adèle, binti wa Zorobabel, akiwa bado na sare ya shule.

Tangu siku hiyo nilisema mpaka nikachosha masikio. Nilisema kanisani, nilisema kwa chefu wa kartie, nilichora ubaoni darasani kwangu. Nilieleza kwamba mafunjo yanashika maji kama sifongo, na kuyaachilia polepole, na kwamba mto wenye kona hauna haraka. Wewe mwenyewe ulimjibu kaka yako mbele ya kwaya nzima: "Yaya, ile mafunjo tutakula na majani ya sombe?" Watu walicheka, nami nikacheka, maana ulikuwa na batoto saba wa kulisha. Hakuna aliyeupenda uharibifu. Kila mtu alikuwa na njaa yake.

Kisha askari wakaja, wakapiga kambi bondeni, ninyi nyote mkakimbilia milimani. Mliporudi, askari walikuwa wameondoka, na bonde lote lilikuwa limezungukwa na vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Mama mmoja alipiga kelele: "Hapana kuingia, iko mabomu!" Hivyo ndivyo ulivyopoteza shamba lako, ukafunga mizigo, ukaenda Oicha.

Hukuona yaliyofuata. Mafunjo yalirudi, yakampita mtu kwa urefu. Mifereji ikaziba yenyewe. Mto ulijitafutia kona zake za zamani kama mzee anayerudi kwenye njia ya utoto wake. Hata askari wa kundi lililofuata waliogopa. Mkubwa wao aliwauliza watoto kwa Lingala mabomu yako wapi, nao, kwa adabu zote, wakamwonyesha kila upande. Jioni ile ile alihamisha kambi.

Basi wiki iliyopita mvua ilinyesha siku mbili bila kupumua. Watu wa chini walipanda kanisani na magodoro na mbuzi. Mimi nilibebwa mgongoni na Luc, nikawekwa dirishani. Nikaona maji mekundu yakishuka mlimani kwa hasira ile ile ninayoijua. Yaliingia katika mafunjo, na humo yakapoteza mbio. Yakapanda, yakatanda, yakalala bonde zima kama mgeni aliyepewa mkeka. Chini ya bonde, Kalwenge ulijaa mpaka mdomoni, wala haukutapika. Katika bonde la jirani, ambako wanafyatua matofali mpaka leo, nyumba zilikwenda na kuta zake. Kwetu, Agar, watu walirudi wakakuta majivu makavu mafigani! Wamama walipiga mabeseni, wakacheza katika tope. Zorobabel alinishika mabega akalia, akasema laiti maji ya mwaka ule yangalipata mahali pa kulala.

Jumapili pasta alitaka shukrani. Solange, yule mwenye tanuru kubwa la matofali, alisimama akamshukuru Mungu aliyetumia hata mabomu ya adui kutuokoa. Watu wote wakasema amina. Hapo sikuweza tena kuficha. Niliomba niinuliwe. Nilichowaambia ndicho ninachokuambia wewe, ambaye ulistahili kukisikia wa kwanza.

Hakuna bomu katika Kalwenge. Halijakuwamo hata siku moja. Mlipokimbia, miguu yangu ilikataa, nikabaki peke yangu. Askari walipoondoka, nilikata matete, nikapasua kitenge chekundu, kile kikwembe cha marehemu mke wangu Léa, nikazunguka bonde nikichomeka, nikipumzika kila hatua chache. Sikusema uongo kwa mdomo. Niliwaacha mseme wenyewe, na kwa mwalimu huo ni uongo mbaya zaidi. Nilijua shamba lako limo. Nilitazama ukifunga mizigo, nikanyamaza.

Zorobabel aliniuliza: "Hata moja hapana?" Nikamwambia hata moja. Ndipo Solange akashika kiuno: "Muzee, siku hizi zote nazunguka na matofali ku kichwa, kumbe nakimbia kikwembe ya Mama Léa!" Kanisa zima likaanguka kwa kicheko. Lakini hakuishia hapo. Alivua viatu, akateremka bondeni, watu wote nyuma yake, akaingia katika mafunjo mpaka kifuani, akatoka mzima, na tope mpaka masikioni. Akasema mbele ya chefu kwamba atakayechimba mfereji humo atakutana naye yeye, na yeye ni mbaya kuliko bomu. Wamekubaliana wote: mafunjo yatakatwa kwa zamu, kwa mikeka tu, na udongo wa matofali utatafutwa kwingine. Sasa wanalilinda bonde kwa sababu wanajua, wala si kwa hofu. Sikutegemea kuliona hilo kabla ya kufa.

Sasa neno kwa Shalom. Mwambie hakuna askari aliyetega kitu katika shamba la mama yake. Waliyofanya askari ni mengi, lakini hilo silo. Aliyekunyang'anya shamba ni mimi, mjomba wake. Akitaka kulipiza, nyumba anaijua, na mimi sina mbio.

Nawe, Agar, sikuombi unisamehe upesi. Shamba langu la mlimani ni lako tangu leo. Chefu na pasta ni mashahidi. Lakini mteremko ule bado uko uchi, na maji yanatoka huko. Luc ameanza kuchimba mitaro ya kuukinga na kupanda miti pembeni, na peke yake hataweza. Mtume Shalom haraka, apande gari moja na Ananie. Mimi sitaiona mvua ya Machi. Nataka yeye aipokee.

Nisalimie batoto wote, na majirani wanaonikumbuka. Kaeni na amani ya Mungu.

Ni mimi yaya wako,
Apollinaire