Kuzima Kompyuta Mpya

Jumanne, 3 Juni 1997

Ule mlio! Tangu jana haujanitoka kichwani. Kompyuta mpya ikiwaka inatoa sauti laini, kama mtu anayejaribu kinanda cha kanisa polepole. Ya zamani hupiga "pii" moja kavu, basi. Mama Wilhelmina, mwenye ofisi, alinifanya niizime na kuiwasha mara tatu ili aisikie tena.

Windows 95. Kwa ofisi za uchapaji hapa Kirumba, nadhani ni sisi wa kwanza. Mama anataka karatasi moja: ya zamani na mpya, ipi bora, aamue kama anunue ya pili. Wewe ndiye uliyesomea Dar, kasema, tuambie.

Nilipenda alivyosema. Nikaona haya kupenda hivyo.

Alhamisi, 5 Juni

Ya zamani: unaandika amri kwanza, ndipo Windows inafunguka. Jina la faili herufi nane tu — katiba ya chama cha wakulima wa Misungwi tungeiita KATWAKMI, nani ataelewa? Mpya: jina refu utakavyo. Na faili likifutwa halipotei, linakaa kwenye pipa la taka mpaka ulimwage. Hilo nimelipenda kuliko yote.

Kuzima pia ni tofauti. Ya zamani unahifadhi kazi, unatoka, unabonyeza swichi. Mpya lazima uiage — unabofya, unangoja, mpaka maandishi ya rangi ya chungwa yaseme sasa unaweza kuzima. Nimemwonyesha Mzee Luhaga, mfagizi wetu, kwa sababu ndiye anayekata meni swichi ya ofisi nzima kila saa kumi na moja jioni. Umeme ukikatika ukarudi kwa nguvu, huunguza vitu. Akacheka: "Kumbe hii ni kama mkwe! Haiondoki bila kuagwa."

Ijumaa, 6 Juni

Katiba ya Misungwi imekwisha, kurasa arobaini. Nimechelewa kwaya.

Jumatatu, 9 Juni

Mpya haiwaki. Skrini nyeusi, kistari kimoja cheupe, kimya.

Fundi Nkwabi kaja kutoka mjini, kahangaika mpaka mchana. Ilizimwa ghafla, kasema, ikiwa bado inaandika ndani. Windows ataiweka upya. Katiba haipatikani. Na nakala kwenye disketi? Sikufanya. Nilisema nitafanya Jumatatu.

Mama kamgeukia Mzee Luhaga hapohapo.

"Meni swichi unakata wewe! Ulionyeshwa au hukuonyeshwa?"

"Nilionyeshwa, Mama."

"Sasa?"

Mzee kasimama na ufagio wake. Labda ni mimi, kasema, macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Mama kamwambia Jumamosi arudishe funguo, atatafuta mwingine.

Yeye alikata saa kumi na moja. Mimi niliondoka saa kumi na nusu. Nilihifadhi, nikabonyeza swichi, nikakimbia — kidole kilikwenda chenyewe, miaka miwili ya mashine ya zamani. Nilikumbuka nikiwa kwenye kwaya. Hapana. Nilikumbuka mlangoni. Nilikumbuka mlangoni na sikurudi.

Na leo nilikaa kimya!

Jumanne, 10 Juni

Asubuhi nimemkuta Mzee ananyunyizia maji vumbi la barazani. Shikamoo. Marahaba, Roza. Nikamwambia yote, haraka haraka. Akaendelea kunyunyizia.

"Basi usimwambie. Wewe una cheti, utaharibu jina. Kazi ya kufagia naipata hata sokoni Mwaloni."

Cheti. Ndicho kilichonifunga mdomo jana.

Nimekaa kwenye ile ya zamani, nimechapa karatasi ya Mama, mbele na nyuma. Mbele: mpya ni bora, kwa sababu hizi na hizi, ila ya zamani humsamehe mtu asiye na subira. Nyuma: Ijumaa niliizima mimi, vibaya, saa kumi na nusu, nikijua. Mzee Luhaga alikata umeme wakati mashine imeshazimwa. Katiba nitaichapa upya kwa muda wangu. Nimeweka sahihi.

Nimempa mkononi saa tatu. Mama alikuwa katibu muhtasi serikalini miaka ishirini. Hawezi kusoma kitu bila kalamu nyekundu. Hapa kaunta namwona, anasahihisha koma zangu taratibu, anatikisa kichwa.

Kageuza karatasi.

Kalamu imesimama.