Vidonge vya Kopo la Biskuti Vimenirudishia Mume

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie, ila kwanza niahidi hutanicheka. Mume wangu Refugio figo zake zimekufa, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa gari la kliniki humchukua akasafishwe damu kwa mashine, na kidonda chake cha mguu kilipoanza kutoa usaha nesi akawa anamwekea antibiotiki ya dripu akimaliza mashine, lakini mimi nikaona dripu ya siku moja moja ni kuzima moto kwa kikombe, nikafungua lile kopo la bluu la biskuti, ambalo kama makopo yote ya huku bondeni halijaona biskuti tangu watoto wakiwa wadogo, nikatoa antibiotiki nyingine, vidonge nilivyovuka daraja la mpakani kuvinunua Mexico dada yangu alipougua, nikawa nampa asubuhi na jioni pamoja na tortilla, chapati yetu ya mahindi, ya moto.

Basi Refugio karudi! Mzee aliyekuwa akishinda kimya anatazama ukuta sasa ananiita Lala, jina la enzi zile tukichuma balungi, ananiambia, "Lala, vaa vile viatu vyekundu, kodiani imeshaanza kulia, na mwambie baba yako aache kunikodolea macho," nami nacheka hadi machozi, tumecheza jikoni, nimesikia kabisa harufu ya maua ya balungi, ingawa kwenye bustani yenyewe siku hizi watu wanaegesha magari. Jumatano gari likapiga honi, akasema haendi, leo kuna kuchuma, nikamwambia dereva mzee kalala. Sasa binti yetu Nereida kaja, kaona mikono ya baba yake inarukaruka yenyewe.

"Mama, umempa nini baba?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ya kopo."

"Mama!"

Anataka tumkimbize hospitali, na mimi najua wakimsafisha watanirudishia yule wa ukuta. Nifanyeje?

Eulalia, bondeni

JIBU

Bi Eulalia, nilipofika kwenye mikono inayorukaruka sikungoja gazeti lichapwe. Nilipiga namba uliyoandika pembeni, nikakukuta unatafuta viatu. Niliyokufokea siku ile, hadi ukaita ambulensi, nayarudia hapa kwa sauti ya chini, kwa faida ya makopo mengine.

Mimi si daktari. Elimu yangu nimeiokota kwenye viti vya kusubiria, nikimsindikiza marehemu mke wangu, na viti vile ni vigumu, mtu hasinzii. Nesi hakuwa bahili wa dripu. Mwenye figo nzima dawa kama hizo humtoka kwa mkojo. Figo za mzee wako zimestaafu, dawa ikiingia inakaa, mpaka mashine iitoe. Wewe ukamkaribisha mgeni wa pili na wa kwanza hajaondoka, kisha ukamfukuza dereva. Dawa zikampanda kichwani. Ule ujana uliocheza nao jikoni ni dawa iliyokosa njia ya kutokea. Baada ya dansi hiyo huja degedege, na baada ya degedege majirani huleta maua ya msibani.

Sikulaumu kwa kutamani. Ningekuwa na kopo la kumrudisha wangu kwa wimbo mmoja tu, sijui kama ningelifunga.

Kwa hiyo kopo lisikae kwako. Libebe lote, limwage mezani kwa nesi, na haya yako uiache mlangoni. Dripu ya kliniki usiikate kwa akili yako. Kidonge chochote, hata cha kichwa, uliza kwanza. Na gari likipiga honi, Refugio apande, hata kama mabalungi yanaoza mtini.

Jana umenipigia ukilia: mikono imetulia, kidonda kinakauka, na mzee yuko nyumbani, anatazama ukuta. Sasa nisikilize, mama. Vidonge havikumletea bustani ile. Alikuwa nayo siku zote, ila wewe hukumuuliza. Zima runinga. Menya balungi karibu yake, anuse tu, asile mpaka kliniki iruhusu. Kisha vaa vile viatu vyekundu, ukae kati yake na ukuta.