Udongo Nilioushusha Paani

Chumbageni,
Tanga.
9 Mei 2024

Mpendwa kaka Massoud,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Wete, wewe na wifi Samiha, na kwamba kikohozi cha Maryam kimepoa. Mama hajambo, presha imetulia. Mimi afya ninayo, ila usingizi sina.

Uliponipigia simu wiki iliyopita nilikujibu kuwa sote salama. Sikukumalizia. Kuna jambo mdomo ulikataa kulitamka, ndiyo maana naandika.

Kaka, bustani uliyotuwekea juu ya paa haipo. Niliiondoa mimi.

Mwezi wa pili dari ya chumba cha mama ilitoka doa la maji, kubwa kama sinia. Mama akakataa kulala humo. Kila nikipita ananiambia, "Najat, udongo ule utatuangukia." Hofu ikaniingia na mimi. Nikamwita fundi Uweso, na kwa siku tatu akashusha kila kitu: majani, udongo wako mwepesi uliouchanganya na makumbi ya nazi, kokoto, mpaka nailoni nene ya chini. Zege likabaki tupu. Sikukuuliza kwa sababu nilijua ungekataa.

Doa halikukauka. Uweso alipochunguza tena akakuta bomba la tangi linavuja ndani ya ukuta. Bustani yako haikuwa na kosa lolote. Nikajisemea tutairudisha masika yakiisha, nikauacha udongo uani umerundikwa.

Ulikuwa umenieleza, nami nikiitikia tu: mvua ikinyesha udongo hunywa kwanza, mizizi hushika, na kinachozidi hutoka polepole badala ya kumwagika chote kwa mpigo. Miaka minne Bi Mwatum, jirani yetu wa bondeni, hakuja kulalamikia maji ya paa letu. Mimi nikadhani mvua zimepungua.

Jumamosi ya mwisho ya Aprili ilinyesha tangu alfajiri. Kwenye saa nne nilikuwa dirishani, nikaona maji yanaruka kutoka paani kwetu kama yanasukumwa na pampu. Yaliuvuka mtaro na kwenda kupiga ukuta wa jiko la Bi Mwatum. Unaujua ukuta ule, mawe na udongo. Moshi ulikuwa unatoka jikoni.

Nikapiga kelele, "Bi Mwatum! Toka jikoni! Toka!" Mvua ikaimeza sauti yangu. Nikakimbia bila viatu, nikateleza, nikainuka. Nilipofika mlangoni pake ukuta ulikuwa umeshalala chini.

"Bi Mwatum!"

"Niko huku. Mguu wangu, mwanangu."

Nilichimba kwa mikono mpaka Uweso na majirani walipotokea. Na muda wote ule, kaka, maji ya paa letu yalikuwa yananimwagikia mgongoni.

Alhamdulillahi yuko hai. Amevunjika mguu chini ya goti, amefungwa plasta ngumu, na nimemleta kwetu alale chumbani mwako. Watu wanakuja kumpa pole, kisha wananigeukia: Mungu akulipe Najat, umemuokoa jirani. Mama akanionya ninyamaze, kwamba ni kadari. Kila aliyenisifu alinizidishia mzigo.

Jana baada ya alasiri nikakaa kitandani kwake. "Bi Mwatum, maji yaliyokuangushia ukuta ni yetu. Nilikwangua bustani ya Massoud."

Akanitazama. "Massoud anajua?"

"Hajui."

"Na wewe ulijua maji yatakuja kwangu?"

"Nilikuwa nimeambiwa. Sikutilia maanani."

Akageukia ukutani. Chakula nilichompelekea hakukigusa. Leo asubuhi amekunywa chai, lakini kwa mkono wa mama.

Uweso yuko paani tangu jana. Amelikagua zege, ameziba bomba, ametandika nailoni mpya. Nusu ya udongo imesharudi. Ndoo napandisha mwenyewe. Tumechimba pia mfereji wa muda wa kupeleka maji barabarani, kwani wingu limetanda tangu adhuhuri na mioyo iko juu. Uweso anataka unene wa shubiri nzima, mimi nakumbuka ulisema nusu yake. Nipigie upesi utuambie. Ukitaka kunigombeza, nigombeze baada ya hapo.

Wifi Samiha nisalimie sana, Maryam umbusu, na mzee Haidar hapo jirani yenu mfikishie salamu za mama. Mama anakuombea kila swala. Mwenyezi Mungu awahifadhi, na awaepushe na msiba wa kujitakia kama huu wangu.

Wakati naandika, Bi Mwatum ameniita kutoka chumbani, mara ya kwanza tangu jana. Ameuliza namwandikia nani. Nikamwambia.

"Mwandikie yote," akasema. "Usijipunguzie."

Sijajipunguzia, kaka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,
Najat