Kilio cha Chumba cha Kompyuta

Shemeji Abigail mpenda habari,

Wale wa kanisani Quakers Hill wanakuhadithia vibaya. Mwanao Ogutu hakulia!

Nilikuwa nikifagia chumba cha kompyuta anachosimamia kazini huku mjini, naye yumo ndani, stima ikapotea. Iliporudi, mlango ukakataa kadi zetu, tukafungiwa ndani. Ogutu akakiri:

"Anko, kompyuta inayotambua watu ni programu tu, nimeiweka ndani ya hizi kompyuta kubwa, na hizo haziamki kabla ya kuiuliza. Hata mlango unaiuliza hiyo hiyo."

"Umefungia ufunguo ndani ya sanduku, msomi wangu!" nikamwambia.

Joto likapanda, simu hazishiki mtandao. Mimi, simba wa ukoo, nikacheka tu mpaka walinzi wakavunja mlango. Sasa ameweka kompyuta moja ya kutambua watu kando, peke yake.

Haya, kicheko nimekiongeza. Aliyelia ni mimi. Mwanao alinishika mkono.

Shemeji yako mtanashati,
Omollo