Sauti ya Mume Wangu Ndani ya Mashine

Mpendwa mshauri,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana jambo hili nimeshindwa kumwambia hata binti yangu ninayeishi naye. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, mjane wa mwaka wa pili, na marehemu mume wangu alikuwa mpiga picha wa MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, katika hospitali hiyohiyo ninakotibiwa. Miezi miwili iliyopita nilipimwa tumbo wakaona doa kwenye ini, kubwa kama zabibu, daktari akasema huenda si kitu lakini hawezi kuapa mpaka nipigwe MRI na nichomwe ile dawa ya mshipani inayolifanya doa lionekane ni la aina gani. Dawa hiyo naijua, mume wangu alikuwa akinieleza tukiwa mezani kwamba ini zima huinywa likang'aa, na kitu ambacho si ini hubaki cheusi, "kama mgeni aliyekataa chakula chako, mama," huku akinisogezea sahani yake nimwongezee.

Basi nikaenda, binti yangu akanisubiri kwenye benchi nje, nikavua hereni, dada aliyechukua nafasi ya mume wangu akanivalisha vile vya kusikilizia masikioni, nikaingizwa ndani, dawa ikapanda mkononi kwa ubaridi, na hapo nikamsikia mume wangu. "Vuta pumzi. Toa. Vuta tena. Shika hapo hapo."

Alikuwa ameirekodi sauti hiyo miaka mingi nyuma, kwa sababu mashine ilikuja na sauti ya lugha ya kigeni na wazee wasioielewa walikuwa wakipumua tu, na mimi nilishasahau kabisa, ingawa alifanyia mazoezi chumbani kwetu huku nikipinda sketi, nikamwambia, "Baba, hao ni wagonjwa, si kuku unaowafukuza bandani." Akacheka, akapunguza ukali, ndipo akaongeza "hapo hapo". Maneno hayo mawili yalitoka kwangu.

Nikamjibu. Nilisema, "Nimeshika, baba," kisha nikalia, hata neno lake la mwisho, lile la kuniruhusu nipumue, sikulisikia.

Yule dada akaja akaniuliza, "Mama, ulikuwa unaongea na nani? Picha zote zimetikisika. Dawa inaingia kwenye ini mara moja, ikishapita siwezi kuiita irudi."

Nilipomweleza akanihurumia, akasema siku nikirudi ataifuta kwanza sauti ile, kisha ataniongoza mwenyewe. Tangu hapo nimekosa miadi miwili, ya kwanza nikasingizia mafua, ya pili sare, kwa sababu nisipoenda haifutwi. Na lililo baya zaidi, naona haya kuliandika, natamani sauti isifutwe na doa liwe la kuangaliwa kila miezi sita, nisipone wala nisife, ili niwe naitwa na kumsikia. Nifanye nini?

Mjane wa Mpiga Picha

*

Dada yangu,

Pole. Sijakucheka hata kidogo, ila vumilia nikugombeze.

Unatamani ugonjwa ili usikie maneno ambayo yanaweza kukaa kwenye simu yako? Doa halijui kwamba una majonzi. Kama ni la heri, unajitesa bure. Kama ni la shari, linakua huku wewe ukipinda sketi, na binti yako ameshamzika mzazi mmoja. Nani alikupa ruhusa ya kumwandalia mazishi ya pili kwa kukaa kimya?

Leo hii piga simu pale hospitali. Mwambie yule dada asifute kitu, kisha muombe akunakilie sauti. Akiogopa, mwende wote kwa mkuu wake, ukaombe kwa adabu. Hiyo si siri ya mgonjwa yeyote, ni sauti ya mumeo. Hapohapo chukua miadi ya karibu kabisa, na safari hii usiwe na mafua.

Kisha mwambie binti yako. Siku ile alikaa kwenye benchi nje, baba yake akiongea nyuma ya ukuta, na hakujua. Ni haki yake kusikia.

Kaeni chumbani alimofanyia mazoezi, muisikilize. Lieni. Mjibu utakavyo, hata umweleze habari za jirani. Halafu rudia, kesho na keshokutwa, mpaka uweze kushika pumzi bila kumjibu. Ukiona huwezi, mwache yule dada akuongoze mwenyewe, hakuna aibu, maana sauti utakuwa nayo nyumbani.

Lakini naamini utaweza. Yeye hakurekodi ili umjibu, alirekodi ili picha itoke. Wewe ulimkosoa akakusikiliza, akalainisha sauti kwa ajili ya watu asiowajua. Sasa ni zamu yako kumsikiliza. Shika hapo hapo, dada yangu, unyamaze, ili safari hii umsikie akikwambia upumue.