Pilau ya Semina ya Madeni

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimerudi mikono mitupu tena! Castory, afisa manunuzi wa ile taasisi ninayoipikia, kanikalisha kwenye benchi asubuhi nzima, kisha ananiambia fungu halijatoka. Tangu Juni fungu halijatoka. Nimewalisha semina tatu — chai, sambusa, chakula cha mchana — na sijaona hata shilingi. Nikamuuliza, hilo fungu linatoka wapi, mbinguni? Kacheka. Eti Mama Lulu una maneno.

Halafu bila haya ananiambia wiki ijayo kuna semina nyingine, siku mbili, wageni wengine wanatoka nje ya nchi, nijiandae. Mada? Nimeisoma kwenye bango pale getini: Mwenendo wa Madeni, Mikopo na Ukuaji wa Uchumi Duniani.

Madeni! Watu hawa!

Nimekubali. Nikikataa tenda anapewa mwingine, na changu cha nyuma ndiyo basi tena.

Alhamisi, 5 Septemba

Siku ya kikundi cha mkopo. Sitaki kuandika lakini nisipoandika nitapasuka.

Kwa Tereza, Chang'ombe, utaratibu ni ule ule. Wanawake tunaingia sebuleni, kila mtu anaweka rejesho lake mezani. Mwenyekiti Tereza anavuta kiti chake mlangoni, anakaa. Hakuna kutoka mpaka hesabu itimie. Uwe umeacha maharage jikoni, uwe na mtoto ana homa, hutoki. Kampuni ilitukopesha kwa pamoja, tunadaiwa kwa pamoja.

Leo lililopungua ni langu. Tumekaa mpaka adhana ya magharibi. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana! Walikuwa wanaangalia miguu yao.

Abeli, kijana wa mikopo, shati limepigwa pasi kama anaenda kuoa, akatangaza kwamba mkopo ujao riba itapanda. Kwa nini? "Ni dunia, mama zangu. Huko duniani riba zimepanda." Nikamwambia huyo Dunia simjui, hajawahi kula kwangu. Hakuna aliyecheka.

Mwisho akasimama Ruthu. Ruthu wa kijiji cha Zuzu, mdhamini wangu, ambaye kuku wake ndio waliokuwa kwenye pilau zote za taasisi, na ambaye na yeye sijamlipa! Akasema apewe wiki moja, atasimama na mimi. Abeli akaandika. Friza langu walishabeba mwezi uliopita, kwa hiyo safari hii, Alhamisi ijayo isipotimia, wanakwenda Zuzu kufungua ng'ombe wa Ruthu. Ng'ombe mwenyewe ni wa mahari ya mwanawe Ernest. Wakwe wameshamwona, wamemkubali, wanamngoja.

Ruthu alisema "Haya" tu. Tereza akasogeza kiti, tukatoka.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimekwenda kwa Castory nikamweleza habari za ng'ombe. Zote, mpaka wakwe. Akanisikiliza huku anakoroga chai — kwenye kikombe changu, sijui kilibaki ofisini kwake tangu lini. Akasema nisiwe na wasiwasi, deni la taasisi ni himilivu.

Himilivu! Neno la kwenye taarifa ya habari. Analihimili nani? Yeye analala usingizi. Mimi ndiye ninayelihimili, na Ruthu, na yule ng'ombe.

Jumapili, 8 Septemba

Zuzu. Vumbi na upepo, kanga yote nyekundu. Ernest alinipokea mfuko, "Shikamoo mama," kisha akaenda kumnywesha ng'ombe na hakurudi kukaa nasi. Simlaumu. Ng'ombe mzuri kweli, ana baka jeupe shingoni.

Nilikwenda kumwambia Ruthu kwamba sitaki kuku wake tena, nitapika maharage, wale wakasirike. Akanijibu taratibu, kama anamwambia mgonjwa.

"Ukipika maharage watakufukuza. Wakikufukuza hawakulipi. Mimi nitadai kwa nani?"

Akanifungia kuku. Kwa mkopo! Yaani ili nilipwe deni la zamani lazima nikopeshe jipya, na ili nikopeshe jipya lazima nimkope Ruthu tena. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nikisema peke yangu. Taasisi ina jengo la vioo, ina magari getini, na inakopa kwa mfuga kuku wa Zuzu! Bila riba. Bila mdhamini. Sijasikia mtu yeyote akienda kufungua gari lao.

Jumanne, 10 Septemba

Siku ya kwanza ya semina. Leo chai tu. Nilikuwa nyuma ya ukumbi na chupa zangu, nikasikia yote.

Mtaalamu ni mmoja anaitwa Dokta Fabian, mwembamba, sauti nzuri. Kasema uchumi wa dunia unakua, ila kwa kujivuta. Kasema nchi tajiri hukopa kwa riba nafuu na maskini hukopa kwa riba ya kuumiza, kwa sababu maskini haaminiki. Kasema nchi nyingine siku hizi zinakopa ili kulipa mikopo ya zamani, na hapo hospitali na shule ndizo zinazokosa. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mimi nusura niangushe chupa. Nchi hiyo ni mimi! Iko hapa nyuma, imeshika sukari!

Wakapiga makofi. Mkurugenzi wa taasisi, aliyekaa mbele, akasimama kumshukuru, akasema haya maneno yageuze matendo yetu. Kisha wakaja kwenye meza yangu. Mmoja akauliza kama sambusa zimebaki.

Castory: malipo baada ya semina, mfumo uko chini. Nimemwangalia mpaka akainamia simu yake.

Hapana. Kesho hapana.

Jumatano, 11 Septemba

Naandika nimekalia ndoo nyuma ya ukumbi.

Pilau imeiva. Kuku wameiva, kachumbari ipo, matikiti yamekatwa. Vyote viko ndani ya kirikuu, kigari cha mizigo nilichokuja nacho, mlango umefungwa kwa kufuli, ufunguo nimeufunga kwenye ncha ya kanga. Ruthu amekuja. Sikumwita. Aliposikia nataka kufanya nini, akaomba kiti kwa mlinzi, akakiweka mbele ya mlango wa kirikuu, akakaa. Hivyo hivyo anavyokaa Tereza.

Saa saba Castory kaja, mama vipi, wageni wanatoka. Nikamwambia hakuna kutoka chakula mpaka itimie. Itimie nini? Semina tatu. Akacheka, akaona sicheki. Akasema namwaibisha. Nikasema sawa. Akasema nitapoteza tenda. Hapo moyo ulinishuka, sitaficha. Nikamtazama Ruthu. Ruthu akajifunga kanga upya, hakuinuka.

Castory karudi tena, sasa kwa upole, eti nusu leo na nusu mwezi ujao. Mwezi ujao! Ng'ombe ni kesho!

Harufu imeshaingia ukumbini, nawaona wanageuza shingo. Dokta Fabian katoka, akaniuliza kwa adabu kama chakula bado. Nikamjibu kipo, daktari, kimeiva tangu saa sita, kinangoja rejesho. Akaangalia kirikuu, akamwangalia Ruthu kwenye kiti. Akaniuliza wananidai au nawadai. Nikamwambia. Akageuka, akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, na sasa wamesimama pale mlangoni wanaongea, Castory katikati yao anafuta jasho.

Ruthu ananiuliza, "Wanasemaje?" Sisikii. Upepo.

Subiri — mkurugenzi anakuja. Mwenyewe! Anavuka uwanja na suti yake kwenye vumbi. Nimesimama. Naandika nimesimama. Mkononi kashika kitu, natamani kiwe hundi, iwe hata simu ya kunirushia hela —

Ni sahani tupu.